Mpangaji wa Mungu

Bibi wa Balad hakupenda mlango ubamizwe. Hilo ndilo jambo la kwanza ulilojifunza ukiingia kwake, kabla hata hujaonyeshwa pa kuvulia viatu. Ukiubamiza hakukugombeza. Alikwenda ukutani, akaupapasa kwa kiganja na kuuambia, "Tusamehe, mgeni huyu," nawe ukabaki umesimama na aibu zako. Mimi niliubamiza mara ya kwanza kwa bahati mbaya na mara ya pili kwa kusahau. Mara ya tatu haikuwepo.

Nyumba yake ilikuwa Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwenye vichochoro visivyopitisha gari. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ndefu na nyembamba, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini zamani hizo, na kati ya mawe wamelaza mbao, ili ukuta ukicheza ucheze bila kupasuka. Mbele ilijaa madirisha makubwa ya mbao yanayotokeza juu ya njia, yametobolewa vitundu vya nakshi, hata aliye ndani anaona nje na aliye nje haoni ndani. Chini palikuwa na duka la Myemeni anayeuza udi. Ghorofa za juu zilikuwa tupu tangu majirani wa Bibi walipohamia mitaa mipya yenye lifti. Bibi alikaa katikati, yeye na paka mmoja mnene ambaye hakuwahi kumpa jina kwa sababu, alisema, ukimpa paka jina atataka na ikama, kibali cha kuishi nchini.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa binti yake, mtaa wa Al-Safa, mbali kidogo na huko. Kila Ijumaa madam alinipakia vyakula nikapelekwa na dereva kwa mama yake, nikapige deki, nikamkande miguu, nirudi jioni. Madam mwenyewe alimpenda mama yake sana, ila kwa simu. Ngazi za ile nyumba zilimshinda goti. Kwa hiyo mimi Mtaita wa Voi, Mkristo, ambaye sikuwa na ndugu hata mmoja katika nchi ile, ndiye niliyepata kumjua yule mama kwa miaka yote hiyo, na mpaka leo naona nilipewa kitu ambacho hakikuwa changu.

Alizaliwa lini sijui, na ukoo wake sikuuliza. Najua walitoka Unguja baada ya yale ya sitini na nne, yeye akiwa msichana, na safari nzima aliimaliza kwa maneno mawili: "Tulitoka, tukafika." Ukimwomba aongeze, alikuuliza kama umekuja kupiga deki au kuandika kitabu. Namwandika sasa, na najua angenikemea.

Siku yangu ya kwanza nusura nipoteze kazi, tena kwa sababu ya neno la Kiswahili. Nilimkuta jikoni anakaanga vitumbua. Bila kugeuka akaniambia, "Kakae roshani, nakuja." Kwetu roshani ni ile sehemu ya wazi ya ghorofani, mnapoanika nguo na kupiga umbea na jirani. Nikatafuta roshani. Chumba hiki hakina, kile hakina. Nikapanda ghorofa ya juu, nikapanda nyingine, mpaka nikatokea darini juu kabisa, nikaona tangi la maji na anga. Nikasema moyoni, basi wazee wa huku huita hii roshani. Nikakaa kwenye kivuli cha tangi kama nilivyoambiwa, jua linanichoma kisogo, namngoja.

Kumbe huku chini Bibi anazunguka vyumba ananiita. Alipochoka akampigia binti yake simu. "Mfanyakazi wako katoroka." Anayejua mambo ya huko anajua neno hilo. Mfanyakazi akiandikwa kuwa ametoroka, ikama yake imekufa, na kafili, mwajiri aliyemdhamini, hahusiki naye tena; kitakachomkuta ni baina yake na polisi. Madam alikuwa tayari amemwambia mumewe, na mumewe, ambaye sisi wote tulimwita baba, alikuwa ameshika simu mkononi. Ni dereva aliyeniokoa. Alikuwa amesimama kichochoroni anavuta sigara, akainua macho, akaona kitambaa changu cha kichwa juu ya ukingo wa dari.

Bibi hakuniomba radhi. Alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye moja ya yale madirisha makubwa ya mbao, ambayo ndani yake pana nafasi ya mito na watu wawili kukaa miguu wameikunja. "Hii ndo roshani," akasema.

"Kwetu roshani ni wazi, Bibi."

"Hata kwetu. Huku wameivisha buibui."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi. Nilikasirika kwa muda mfupi sana. Tangu siku ile mahali petu pakawa hapo, ndani ya roshani yenye buibui, upepo unapita kwenye vile vitundu na mtungi wa maji umewekwa pembeni upate baridi. Alininywesha chai ya tangawizi na kunisahihisha Kiswahili. Nikisema "chakula ya madam", alitua kikombe. "Chakula cha, mwanangu. Chakula hakijakukosea kitu." Nikisema naenda kuosha vyombo "saa hii", aliniuliza ni saa ipi hiyo, na kama naweza kumwonyesha ukutani.

Aligundua mimi ni Mkristo kabla sijamwambia. Aliniona nafumba macho kabla ya kula. Hakusema neno wiki ile. Ijumaa iliyofuata, yeye anatandika msala chumbani, akanionyesha roshani kwa kidevu. "Kaa pale useme na Mungu wako. Mie nasema naye huku. Tusipige kelele tu, asituchanganye." Katika nchi ambayo nilisali bafuni bomba likiwa wazi, hilo nililipokea kwa machozi, naye akajifanya hakuyaona. Nilimpenda kuanzia hapo.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mgomvi. Aligombana na Myemeni wa udi juu ya kiti alichokiweka mlangoni, wakanuniana, na huku wakinuniana alimteremshia sahani ya pilau kila Alhamisi. Aligombana na watu wa kwenye tamthilia za Kituruki. "Usimwamini huyo," alimwambia mwanamke wa kwenye runinga, na yule mwanamke alipomwamini, Bibi alizima runinga kumkomoa. Riyadh aliitukana kila siku, ati mji gani hauna bahari, watu wake wamekauka midomo. Lakini mgeni akija, haikupita nusu saa bila kusikia kwamba mwanawe wa kiume ana jumba Al-Malqa, Riyadh, lenye bustani mbele na bustani nyuma. Unguja pia ilikuwa hivyo hivyo. Ukiisifu, alikwambia mbu wa Unguja humjui wewe. Ukiisema vibaya, alikutoa chumbani.

Nyumba haikuwa yake. Hili nililielewa polepole. Ilikuwa wakfu: tajiri fulani wa zamani aliiweka kwa ajili ya Mungu, kodi yake iende msikitini, isiuzwe wala kurithiwa. Bibi na marehemu mumewe waliingia kama wapangaji, wakazaa humo, wakaozesha humo, na mume akafia humo. Nilipomuuliza kama haimuumi kukaa maisha yote kwenye nyumba ambayo hatawaachia watoto wake, alishangaa. "Nimwachie nani cha watu? Mie mpangaji wa Mungu. Mwenye nyumba wangu hajawahi kuja kubisha hodi." Kisha akafikiri kidogo. "Atakuja siku moja tu, na siku hiyo hatotaka kodi."

Mlangoni kulikuwa na kibao cha serikali, kidogo, kinachosema kwamba nyumba ile ni ya urithi na imehifadhiwa, mtu asibomoe wala asibadilishe kitu. Bibi alikidharau. "Wamenitundikia kitambulisho," alisema. Lakini kila Ijumaa nilipofika kilikuwa kinang'aa, na Myemeni aliniambia kwa siri kwamba yule mama hukishukia asubuhi na kitambaa na siki.

Nami nitasema ukweli, sikuelewa kelele zote zile za kuhifadhi. Kwetu Voi nyumba ya udongo ya nyanya ilipobomolewa tukajenga ya matofali, tulichinja mbuzi, na aliyecheza zaidi ni nyanya mwenyewe. Nilimwambia Bibi hivyo. Nilimwambia nyumba hii ngazi zake zinavunja magoti, ukuta unatoa chumvi, choo kiko mbali, wanahifadhi nini?

Hakukasirika. Alinionyesha nakshi juu ya mlango, mahali pa juu ambapo huoni mpaka upande kwenye kiti. "Tizama. Aliyechonga pale akijua hapana mtu atakayeona. Akachonga. Na waliokata haya mawe wakijua watakufa, watakaa watu wasiowajua, mie nitoke huko nilikotoka nije nikae, nawe Mtaita upige deki. Wakajenga vizuri vivyo hivyo. Walitukirimu kabla hatujazaliwa. Sasa mtu kakukirimu hivyo, wewe ukibomoa umefanya nini?" Nilikumbuka nyanya yangu na nikajiuliza kama alicheza kwa furaha au kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama.

Basi ndiyo maana nilishangaa kuona alivyoipenda ile sebule kubwa. Nyumba nzima hakuruhusu msumari. Kalenda aliiegemeza, hakuitundika. Maji ya deki aliyapima kwa jicho, nikizidisha ananung'unika. Lakini sebule kubwa ukuta wake mkubwa ulikuwa laini, wa kijivu, umepakwa rangi ya maziwa juu, tofauti kabisa na vyumba vingine ambavyo chokaa ilikuwa inabanduka vipande. Huo ndio ukuta aliowaonyesha wageni. Aliupigapiga. "Huu nimeutengeneza mie."

Halafu ofisi ya urithi ikaanza kutengeneza nyumba za mtaa ule, moja baada ya moja. Ilipofika zamu ya nyumba yetu, nasema yetu kwa mazoea, wakaja kumwambia Bibi kwamba ahame, kazi ifanyike. Watoto wake walifurahi. Madam alimtaka Al-Safa. Alikuja mwenyewe, akapanda ngazi akihema, akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mama, halas, basi. Nyumba zee. Mafi lifti, hakuna kitu. Yalla, twende." Mwana wa Riyadh alipiga simu kila siku. Bibi alikataa wote wawili.

Ujanja wake ulikuwa mwingi. Watu wa ofisi wakija aliwapa kahawa na tende na vitumbua, akawauliza habari za mama zao, mpaka wakaondoka wamesahau walichokuja nacho. Wakija wakali, alikuwa kiziwi. Wakija na daktari, alipona. "Wataniondoa pamoja na mawe," aliniambia, na niliona hatanii. Mume wake alitolewa kupitia ngazi zile amebebwa. Naye alitaka atolewe vivyo hivyo, basi. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Mwishowe walimtuma mhandisi mwanamke. Alikuwa binti wa Kisaudia, mdogo kuliko mimi, abaya yake imejaa vumbi la chokaa na miguuni amevaa viatu vya mazoezi. Alimwita Bibi "khala", kama unavyomwita mama yako mdogo, akanywa kahawa yote, akala vitumbua, na hakusahau alichokuja nacho. Alizunguka vyumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Alipofika sebule kubwa akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Hata mimi nilisikia kwamba ndani palikuwa patupu. Karibu na sakafu ukuta ulikuwa umefura, nami nilikuwa napangusa vumbi pale kila wiki na sikuwahi kuona.

"Nani aliweka saruji hapa?" akauliza kwa Kiarabu.

"Mimi," akajibu Bibi, na kifua kimetoka.

Yule binti akakaa sakafuni. Akazungumza muda mrefu, taratibu, macho ameyainamisha. Kiarabu changu ni cha jikoni na sokoni, lakini nilipata kitu. Kwamba jiwe la bahari hunywa maji ya ardhini na kuyapumua nje kupitia chokaa. Kwamba saruji haipumui. Kwamba maji na chumvi vimefungiwa nyuma yake miaka yote hiyo, na jiwe limekuwa unga. Kwamba ukuta ule umebeba ghorofa za juu, na mvua kubwa za Jeddah zikija kabla hawajaufungua, hautahimili. Na hawawezi kuufungua mtu akiwa anaishi humu, anapika humu na kuoga humu.

Alipomaliza, nikamtazama Bibi anifasirie, maana ndiyo ilikuwa desturi yetu. Akasema, "Anasema najua uliutengeneza kwa mapenzi." Na ni kweli, yule binti alisema hivyo, mwishoni kabisa. Katika yote aliyoyasema, Bibi alinipa hilo moja.

Ijumaa iliyofuata nilikuta jiko baridi na runinga imezimwa. Alikuwa sebuleni, kwenye mkeka, ameuelekea ukuta wake.

"Ulielewa alivyosema yule binti?"

"Kidogo, Bibi."

"Usinifiche. Sema."

"Alisema simiti imefungia maji ndani. Jiwe linaoza kwa nyuma."

"Saruji," akanisahihisha, lakini sauti haikuwa na nguvu. Akaendelea bila kunitazama. "Kwetu nyumba hizi tukizipiga chokaa. Kila mtu akijua, hata mtoto. Inabanduka, unapiga tena. Inabanduka, unapiga tena. Nikachoka. Na nikaona haya. Mwanangu anaoa, wakwe wanatoka Riyadh, wakubwa, na ukuta wangu unawamwagia unga mabegani. Nikamwambia fundi tia saruji, tumalizane. Ilipokauka nikaushika, nikauambia, sasa umekuwa mtu."

"Hukujua, Bibi. Si ulikuwa unataka pakae vizuri?"

"Sikujua. Lakini ukuta haujui kama sikujua."

Nikamkanda miguu. Ilikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni miguu ya mtu mzee sana. Nilipofika kwenye vidole akasema, "Mtu akikuuguza, ukaja kuona dawa yake ndiyo inayokuua, si bora akupishe?"

"Bibi, si lazima uamue leo."

"Nimpishe mganga afanye kazi yake. Nipe simu."

Watoto wake mpaka leo wanaamini kwamba wao ndio waliomshawishi. Madam alisema ni yale maneno yake makali siku ile. Kaka yake alisema ni zile simu. Bibi hakuwakatalia. Kitu kimoja tu kiliwashangaza: alichagua Riyadh. Madam aliumia, akalia jikoni Al-Safa nikimpa kitambaa. Miaka yote mama ameitukana Riyadh, sasa anaiacha nyumba ya binti yake aliye dakika chache kutoka Balad anakwenda kwenye jangwa?

Mimi nilimuuliza, tukifunga sanduku. Akajibu kana kwamba jambo liko wazi. "Nikikaa Al-Safa nitakuja kila siku kuwasimamia mafundi. Nitawaambia shika hivi, usigonge hivyo. Nitawapikia. Watanipenda, wataniacha nikae chumba kimoja, na mie nitakubali. Najijua. Bora niende pasipo na bahari."

Siku ya kuondoka hakutaka watu wengi. Tulikuwa mimi, madam aliyebaki chini na goti lake, dereva, na yule mhandisi. Bibi aliteremka ngazi peke yake, mkono mmoja ukutani, ghorofa kwa ghorofa. Alimpa Myemeni paka, na Myemeni akampa pakiti ya udi, hawakusemezana. Mlangoni alimshika mhandisi mkono, akaubandika ufunguo kiganjani, ufunguo mkubwa wa zamani, akamfunga vidole. "Amana," akamwambia. Neno hilo ni moja kwao na kwetu. Yule binti akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Baada ya hapo Ijumaa zangu zilikuwa za kupiga pasi. Nilimkosa kuliko nilivyotarajia, na nikamkosa kwa namna ya kijinga: nikisema "chakula ya", nilitua na kungoja. Habari za Riyadh zilikuja kupitia kwa madam. Mama anakula. Mama hali vizuri. Mama hatoki. Mama kakataa kufungua sanduku.

Nilimwona mara moja tu tena. Mke wa kaka yake madam alikuwa amejifungua, madam akasafiri kumpongeza, akanichukua nisaidie kazi. Jumba la Al-Malqa lilikuwa kama alivyolisifu, bustani mbele, bustani nyuma, sakafu ya marumaru na baridi ya AC inayokufuata hadi chooni. Chumba chake kilikuwa chini, kikubwa, kina kabati la kioo ukuta mzima. Kabati lilikuwa tupu. Sanduku lilikuwa sakafuni kando ya kitanda, limefungwa kamba, na yeye alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitali. Mfanyakazi wa mle ndani, Mkenya mwenzangu wa Kakamega, aliniambia, "Huyu nyanya hukaa hivyo kutwa. Nguo anatoa moja, namfulia, anairudisha kwa sanduku. Nimemwambia nimpangie, ananiambia yeye ni mpita njia."

Mbele ya watu aliniuliza habari za dereva, za Myemeni, za bei ya samaki. Mwanawe alitoa simu kumwonyesha picha za nyumba. Kazi ilikuwa imekwisha, watu wanaingia kuitazama, na picha zilikuwa kila mahali. Bibi aligeuza uso. "Picha ni za waliokufa," akasema. Mwanawe akatuangalia sisi na kuinua mikono. Alikuwa mtoto mwema na alikuwa amechoka.

Walipokwenda kumtazama mtoto mchanga, tukabaki wawili. Nilipiga magoti nikaanza kumkanda miguu, maana sikujua nianzie wapi.

"Uliingia," akasema.

Nilikuwa nimeingia kweli. Nilipotumwa Balad kununua udi, yule mhandisi aliniona mlangoni akanishika mkono. Nilipanda ngazi zote. Sebule kubwa ilikuwa imevuliwa saruji yote, hata kipande hakikubaki. Waliacha ukuta uchi miezi na miezi ukauke, wakatoa mawe yaliyooza wakaweka mengine, kisha wakapiga chokaa, tabaka juu ya tabaka. Niliuwekea kiganja. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi ya kumwambia, juu ya taa, juu ya nakshi zilivyosafishwa, juu ya wageni wanaovua viatu bila kuambiwa.

"Niliingia, Bibi. Kwa kweli pamekuwa paz..."

"Usinambie pazuri. Pazuri watasema wao." Mikono yake iliukaza mkoba. "Mvua zilinyesha?"

"Zilinyesha sana. Al-Safa barabara zilijaa maji, hata gari la baba lilizama."

"Baada ya mvua ulikwenda?"

"Ndiyo siku niliyoingia."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikaona kwamba tangu atoke Jeddah hakuwa amemuuliza mtu yeyote swali hili, si binti yake, si mwanawe, kwa sababu aliogopa jibu, na kwamba ameketi kwenye ukingo wa kile kiti muda wote huo akilingoja.

"Imesimama?"

"Imesimama, Bibi."

"Ule ukuta?"

"Umesimama. Niliushika. Ulikuwa mkavu."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka bila sauti, naye hakuyafuta, na mimi sikujifanya sikuyaona. Kisha akashusha pumzi ndefu, akaweka mkoba sakafuni, akasogea nyuma polepole mpaka mgongo wake ukagusa kiti.

"Basi na mie nikae," akasema. "Hebu nifungulie hilo sanduku."